Mwanaume Haumwi, Hutumwa

Wanangu mnaotoka vyuoni na barua za kupangiwa vituo vya kazi, ninawajua. Mkisoma jina la kijiji msichowahi kukisikia, mnaanza kumtafuta mjomba aliyeko wizarani abadilishe. Sitawacheka. Mimi mwenyewe nililia siku mbili nilipopangiwa zahanati ya ndani huko kata ya Nyakitonto, wilaya ya Kasulu, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na mjomba, kwa hiyo nilifuta machozi nikafunga mizigo.

Nilikuwa binti wa Ujiji, nimelelewa kwa migebuka ya ziwani na maneno ya kubembelezana. Nikajikuta milimani kwenye baridi ya kukunja vidole, kwa watu wanaosalimiana kwa kupiga makofi taratibu na kuulizana habari mpaka za ng'ombe, wanaosema Kiha kutwa nzima na kukitoa Kiswahili kama nguo ya Jumapili. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kamba yangu mimi ilikuwa ulimi. Nilizoea kusema haraka na kwa sauti, na hilo, kama mtakavyoona, karibu liue mtu.

Zahanati ilikuwa na vyumba vitatu na watumishi watatu: tabibu, mimi nesi, na mhudumu mmoja aitwaye Mzee Zakaria, ambaye kwenye karatasi kazi yake ilikuwa kufagia na kuchemsha sindano. Kwa kweli alikuwa anajua kila ukoo, kila ugomvi na kila mguu wenye kidonda katika vilima vile. Tabibu hakukaa sana. Wakimbizi walipoanza kumiminika kutoka ng'ambo ya mpaka na makambi yakafunguliwa, alipata kazi huko, akaniachia funguo, mhuri na pole nyingi. Tukabaki mimi na Mzee Zakaria.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba daftari langu lilikuwa na wanawake na watoto watupu. Nikafungua kurasa za nyuma, hali ni hiyo hiyo. Nikamwambia Mzee Zakaria, "Wanaume wa huku wana afya jamani! Ni maziwa, au ni hii hewa?"

Akaweka ufagio chini. Huyu mzee alikuwa haweki ufagio chini kwa jambo dogo.

"Mama Nesi," akasema, "wanaume wa huku tunawazika kila mwezi. Wewe hujawaona kwa sababu wanapita njia ya makaburini, hawapiti hapa."

Nikauliza kwa nini. Akanionyesha kwa mkono, kama anayemwonyesha kipofu. Kwenye boriti ya kibaraza cha zahanati ulining'inia mzani wa kupimia watoto. Chini yake, kila asubuhi, walikaa akina mama hamsini na vichanga vyao, wakiimba nyimbo za kunyonyesha nilizowafundisha mwenyewe. Mwanaume akitaka kuniona lazima apite katikati yao, afike dirishani, na mimi, kwa sauti yangu ya Ujiji, nimuulize, "Haya baba, unaumwa nini?" Hapo nyimbo zilikatika. Hata watoto waliacha kulia ili wasikie.

Mmoja nilimfanyia hivyo wiki yangu ya kwanza. Alikuwa mtu mzima, anatembea kama aliyebana yai mapajani, ngiri tupu, hata asiyesoma angeiona. Nilipomuuliza aliwatazama wale akina mama, akanitazama mimi, akasema amekuja kuulizia kama tunauza chumvi. Nikamwambia hapa si dukani. Akashukuru akaondoka. Mzee Zakaria alimfuata kwa baiskeli kesho yake, na ilichukua siku tatu za maneno mazuri kumfikisha hospitali ya wilaya.

"Mwanaume wa huku hawezi kusema naumwa," mzee alinifundisha. "Naumwa ni neno la mwanamke na la mtoto. Mwanaume husema nimetumwa."

Basi nikafundishwa kazi upya, na mfagizi, baada ya miaka mitatu ya chuo. Msalimie kwanza. Piga makofi, sema mwakeye, ngoja akujibu. Uliza maharage yameanza maua au bado. Weka kalamu chini, kwa sababu mwanaume akiona unaandika anadhani ni shauri la mahakamani. Akisema "nimechoka kidogo", mpime haraka, huyo yuko ukingoni. Na akisema ametumwa dawa na mtu fulani, usimuumbue. Ipokee safari yake kama alivyoileta: aliyekutuma anapata homa saa ngapi? Anakohoa? Anakula? Mwishoni mwambie kwamba ili huyo mtu apate dawa ni lazima mleta habari apimwe kidogo, ni utaratibu tu. Atakubali. Anangoja umwambie hivyo.

Kuna mmoja alitumwa na shemeji yake, ambaye, maskini, alikuwa anapata taabu ya kukojoa tangu aliporudi safari ya Kibondo. Nikamsikiliza kwa heshima zote. Kisha nikasema, "Dawa yake ni sindano. Sijui shemeji yako angependa tako la kulia au la kushoto?"

Akafikiri. "La kushoto," akasema. "La kulia lina jipu."

Tulichoma la kushoto, na shemeji akapona. Nami nikaanza kujiona bingwa. Nikawa nasimulia hadithi hizo kwenye semina za wilayani, watu wanacheka mpaka wanafuta machozi, wananiita mtaalamu wa wanaume. Ubingwa ni kitu kibaya, wanangu. Ukishauvaa huoni tena miguu yako. Nilikuwa nimejifunza kwamba wanaume hutumwa, lakini haikunipitia akilini kwamba mwanamke naye anaweza kutumwa.

Skolastika alikuja msimu wa kupalilia. Mwanamke wa miaka kama thelathini, mwembamba, lakini nani si mwembamba wakati wa kupalilia? Alikaa kwenye foleni na akina mama wenzake, na zamu yake ilipofika akasema anakohoa mwezi wa pili sasa, jioni anapata homa, usiku anatoka jasho mpaka mkeka unalowa. Alieleza vizuri sana, kama anayesoma. Nikampa vikopo vitatu vya makohozi. Utaratibu ni kwamba kikopo cha kwanza mgonjwa ateme pale pale, nje, mbele ya macho yako. Akasema kikohozi chake ni cha alfajiri tu, kwa sasa hakina kitu. Mimi nilikuwa na akina mama hamsini wanangoja. Nikamwambia haya, nenda navyo vyote nyumbani.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza, nalitaja mapema ili msilitafute.

Vikopo vilirudi vimejaa, vikaenda hospitali ya wilaya, majibu yakaja: kifua kikuu, tena cha kuambukiza. Nikamwandika Skolastika kwenye daftari la TB. Dawa za miezi miwili ya kwanza mgonjwa alitakiwa anywe kila siku mbele yangu, na Skolastika alikuja kila siku, saa moja na nusu ya kwenda na saa moja na nusu ya kurudi, hakukosa hata siku ya mvua ya mawe. Nilikuwa nampa vidonge na kikombe cha maji. Anaweka kinywani, anainua kikombe, anafuta midomo kwa khanga. Nikimuuliza jambo anaitikia kwa kichwa tu, khanga imeziba mdomo. Nikajisemea, tazama adabu ya mwanamke wa kijijini! Mara mojamoja niliona wekundu kwenye midomo yake, nikamtania, "Skolastika, siku hizi unajipaka rangi kuja kwangu?" Akacheka kwa pua, akainamisha kichwa, akaenda zake. Kumbe kile kidonge chekundu kilikuwa kinayeyukia shavuni.

Wiki zikapita. Jumatatu moja Mzee Zakaria aliingia huku anafuta viatu kwa muda mrefu mno. Jana yake alikuwa kwenye pombe ya ndizi. Niwaeleze kidogo namna pombe inavyonywewa huko, maana ndipo kisa chote kilipo. Chungu huwekwa katikati, wanaume wanakizunguka, kila mmoja na mrija wake, wote wanavuta humo humo. Mrija ndio uanaume. Mtu anayekohoa sana, wenzake hawamfukuzi, hapana, ni watu wastaarabu. Wanamchotea yake kwenye kikombe, wanamwekea pembeni. Na siku unapopewa kikombe, ujue umeshazikwa nusu. Zaidi ya hapo ilikuwa miaka ile ya ukimwi, ukikohoa wiki mbili watu wanakutazama kiuno cha suruali kama kimelegea.

"Mama Nesi," Mzee Zakaria akasema, "unamfahamu Yonasi, mlina asali? Mume wa Skolastika wako?"

"Simfahamu. Hajawahi kuumwa."

"Ndiyo hivyo. Basi jana wanaume walikuwa wanamsema. Hakuja kwenye chungu wiki ya tano hii. Mmoja kamwona porini anakojoa, mkojo mwekundu kama chai isiyo na maziwa. Wanasema karogwa. Na yeye mwenyewe kasikia maneno hayo, kaogopa. Nimeambiwa kuna dawa fulani alikuwa anameza, ameitupa chooni, anataka apelekwe kwa mganga huko Kakonko."

Nilikuwa nimeshika trei ya sindano. Niliiweka mezani. Kuna dawa moja tu niliyokuwa nayo mimi inayogeuza mkojo kuwa mwekundu, na kuna mtu mmoja tu niliyekuwa nampa kwa wakati ule.

Nilifunga zahanati. Ndiyo, nilifunga, na akina mama wakalalamika, na Mzee Zakaria akanipakia kwenye baiskeli yake, kwenye mteremko tunaipanda wote, kwenye mlima tunashuka tunaisukuma. Njia nzima nilikuwa nimekasirika, sitawadanganya. Nilimkasirikia Skolastika kwa kunifanya mjinga, nikamkasirikia mumewe kwa kumfanya mkewe mtumwa, na kila nilipokasirika zaidi ndivyo nilivyojua kwamba ninayemkasirikia hasa ni yule aliyevitoa vikopo vitatu, yaani mimi.

Tulimkuta Yonasi amekaa juani nyuma ya nyumba, amejifunika koti zito. Lilikuwa jibaba refu, mabega mapana ya mtu wa kupanda miti, ila nyama za mabega zilikuwa zimekwenda. Aliponiona alijaribu kusimama anikaribishe. Skolastika alitoka jikoni, akaona nguo zangu nyeupe, akapiga magoti pale pale.

"Nisamehe, Mama Nesi," akasema. "Makohozi yale yalikuwa yake. Alikuwa anakufa. Alisema bora afe kuliko wamkute anapanga foleni na wanawake. Mimi sitaki afe."

Nilikuwa nimeandaa maneno makali mengi. Yakapotea yote. Mzee Zakaria alianza salamu, makofi, habari za nyumbani, habari za mizinga, na mimi nikapiga makofi pamoja naye, nikapata muda wa kumeza hasira. Kisha nikakaa chini kwenye majani, karibu na Yonasi.

"Baba," nikamwambia, "nimesikia mkojo wako ni mwekundu."

Akatazama pembeni. Nikamwona machozi yanamlenga, na sijawahi tena kumwona mwanaume wa kule akilia mbele yangu.

"Damu inaniisha," akasema. "Nimeshamwonyesha Skolastika mahali pa kunilaza, pale chini ya mizinga yangu. Mtu aliyenifanyia hivi simjui, Mama Nesi. Sijamkosea mtu."

"Aliyekufanyia hivyo ni mimi."

Wote wawili wakanitazama. Nikawaeleza kwamba ile ni rangi ya dawa, si damu. Kila anayeimeza hukojoa hivyo, awe chifu au mwizi. Na mkojo ukiwa mwekundu maana yake dawa imefika ndani inapigana. Nikasema ni jukumu langu kumwambia mgonjwa jambo hilo siku ya kwanza, na kweli nilimwambia mtu, ila nilimwambia asiye mgonjwa. Skolastika akaziba uso kwa khanga. Nililisema siku ile ya kwanza yeye akiwa na vidonge mdomoni, akili yake yote iko kwenye kuvizuia visishuke, hakusikia hata neno.

Yonasi akauliza, "Kwa hiyo sifi?"

"Ukimeza vyako mwenyewe, vikiwa vikavu, hufi. Hivi vilivyokuwa vinakuja vimelowa mate ndivyo nisivyoviamini."

"Kwenye foleni ya mzani siendi."

"Usiende. Uzio wetu wa nyuma umeanguka. Mimi nahitaji fundi wa uzio, kila siku asubuhi, miezi miwili tena tangu mwanzo."

Mzee Zakaria alianza kucheka, akajifanya anakohoa, akaona anakohoa mbele ya nani, akaacha. Yonasi naye akatabasamu kidogo. Ule uzio, wanangu, ulikuwa na nguzo kumi na mbili. Ulikarabatiwa kwa muda ambao watu hujenga kanisa. Yonasi alikuja kila siku na panga lake, anameza vidonge nyuma ya stoo, anagongagonga nguzo moja, anaondoka. Na kabla ya mwezi kwisha nilikuwa na mafundi wengine wanne. Mmoja alikuwa na presha, mmoja kidonda cha mguu, wawili sitasema. Nikahamishia benchi huko nyuma, nikaacha kuuliza maswali dirishani. Leo mnasoma vitabuni habari za huduma rafiki kwa wanaume. Sisi tulikuwa na uzio.

Kwenye daftari la TB nilikata jina la Skolastika kwa mstari mmoja mwekundu, nikaandika la Yonasi chini yake. Nilijisikia nimesafisha kila kitu. Niliwapima watoto wao wawili, wakawa wazima. Skolastika sikumpima. Nilishajua kwamba yeye si mgonjwa. Nilikuwa nimegundua mwenyewe, kwa akili zangu, na nilikuwa naona fahari. Alikuja mara mbili tatu kumletea mumewe viazi, akakohoa, nami nikamwambia, "Acha kuigiza sasa, mama, maigizo yamekwisha." Tulicheka wote. Yeye alicheka mpaka akashika kifua.

Hilo ndilo kosa la pili, na nimeliweka huku mwisho kwa sababu mkono wangu unalikimbia. Mwanamke aliyelala mkeka mmoja na mgonjwa miezi yote ile. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angempima.

Asubuhi moja, akina mama wamejaa kibarazani, tuliona machela inashuka mlimani. Ni kitanda cha miti na kamba kinachobebwa mabegani na wanaume wanne, wengine nyuma wakingoja kupokezana. Nyimbo zikakatika. Nilitoka nje nikifikiri ni mjamzito. Kwenye machela alikuwa Skolastika, macho yameingia ndani, khanga ina madoa ya damu. Na kwenye mti wa mbele, upande wa kulia, alikuwa Yonasi, jasho linamtiririka, mwezi wa tatu tu wa dawa.

Walimpitisha katikati ya akina mama. Nilimkimbilia Yonasi nikamshika mkono.

"Baba, shusha! Wewe bado unatibiwa, wape wenzako wabebe, utajiua!"

Hakushusha. Wanawake hamsini walikuwa wanamtazama, na wale wanaume aliokunywa nao kwenye chungu kimoja walikuwa nyuma yake, na yeye alijibu kwa sauti kubwa, kubwa kuliko yangu ya Ujiji.

"TB ni yangu, Mama Nesi. Mimi ndiye niliyemwambukiza. Huyu amenibeba mdomoni wiki tano, kila siku, kwenda na kurudi. Mimi nishindwe kumbeba begani siku moja?"

Niliingia ndani nikafungua daftari, na chini ya ule mstari mwekundu nikaandika jina la Skolastika mara ya pili. Safari hii nilimshikia kikopo mwenyewe.

Alipona, ilichukua miezi minane. Alipona na mapafu mabovu, hapandi tena mlima bila kupumzika, na kila anapopumzika Yonasi husimama naye.